Pia

Mwaka wa arobaini na nne nilikuwa mchukuzi wa maziwa,
vibuyu viwili kila asubuhi, kutoka Nkoanrua
hadi kambi ya Wapolandi, Tengeru:
nyumba za duara zilizopakwa chokaa
na mbwa mmoja asiyeelewa Kimeru.

Bi Bronka alifundisha hesabu
kwenye banda lililonuka chaki na kabichi.
Kiswahili chake alikiokota sokoni, taratibu,
kama anayechambua mchele.
Siku moja alinikuta nikichapa pia mlangoni pake,
pia ya mringaringa, nimeichonga mwenyewe,
mjeledi wake kamba ya mgomba.
Hakunifukuza. Alichuchumaa.
"Wewe, Anaeli. Hii kwa nini haianguki?"
Kwa sababu inazunguka, nikasema.
Akacheka kwa pua. "Ndiyo. Hiyo tu."

Usiku wa jana yake redio ya kambi ilikuwa imesema
London inapigwa na kitu kisicho na rubani.

Akakichora mavumbini kwa kijiti:
kirefu kupita kanisa la Nkoaranga,
tumbo limejaa pombe.
Pombe?
"Pombe. Ya viazi."
Viazi vya watu wenye njaa, shehena kwa shehena,
vimekamuliwa, vimetiwa moto,
ili chuma kimoja kiruke dakika tano.
Nikamkumbuka mama na mtungi wake wa mbege,
ulezi umechipua, ndizi zimeiva hadi nyuki wanagombana,
na wanaume wanangoja kata iwafikie.
Sikujua kuwa pombe hupelekwa
kwa mtu ambaye hakualikwa.

Dakika tano. Maziwa hayajachemka.

"Na nani anaionyesha njia?"
Akagusa kichwa cha mchoro,
kisha akaigusa pia yangu.
"Kichwa iko na hii. Inazunguka, inakumbuka juu ni wapi."

Kilichonitisha hakikuwa moto.
Ni kwamba kitu hicho huitangulia sauti yake.
Nyumba inabomoka kwanza,
ndipo ngurumo inawasili,
kama jamaa aliyechelewa mazishi na bado anapiga kelele.
Kwetu dalili ya mvua ni mawingu;
Meru akijifunika tu, tunaanua kahawa.
Hao wa London wangeanua nini?

Kwa wiki mbili sikuchapa pia.

Vita vikaisha. Wapolandi waliimba kanisani
mpaka maziwa yangu yakaganda.
Barua ilikuja mwaka uliofuata,
bahasha imefunguliwa na kubandikwa tena, na tena.
Kaka yake, Wacek,
ambaye miaka yote alimdhani yuko London akiangalia juu,
hakuwahi kufika London.
Walimwingiza ndani ya mlima.
Mlima wa Ujerumani, umetobolewa mahandaki;
wafungwa walilala humo, walikohoa humo,
waliunga chuma humo, na wengi hawakutoka.
Wacek alikuwa na vidole vyembamba,
basi wakampa kazi ya vichwa.
Alifunga pia.

Alinisomea yote kwa Kipolandi,
nikasimama na vibuyu mpaka bega likafa ganzi.
Kisha, kwa Kiswahili chake:
"Yeye alitengeneza. Yeye pia."
Sikujua alitumia neno lipi kati ya hayo mawili.
Mpaka leo sijui.

Mlima wetu siku hiyo ulikuwa wazi hadi kileleni,
maji yanashuka mferejini kwenda migombani
kana kwamba hayajasikia lolote.
Akanyosha kiganja. Nikampa ile ya mringaringa.
Akaizungusha mezani, juu ya daftari za watoto,
kwa vidole viwili, bila mjeledi.
Ikasimama. Ikavuma kidogo.
Ikaanza kuyumba,
na sote wawili, bila kuambiana,
tukapeleka mikono ukingoni mwa meza.